Mkeka Nje ya Mlango

Ngogo ni samaki mdogo lakini ana mwiba mbaya. Nilipokuwa mtoto kule Kitaya alinichoma kiganjani, mkono ukavimba. Bibi yangu akanikandika jivu la moto, nikalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Kama ni jivu lililoniponya au maumivu yalichoka yenyewe, sijui. Darasani sikukaa sana, hayo sikufundishwa.

Harufu ya jivu lile niliikuta tena uzeeni, huku Likombe, kwenye makumbusho. Walijenga nyumba ya udongo ya zamani, ina mafiga, kinu na dari ya kuwekea mahindi. Wakatafuta mzee na bibi wa kushinda humo, wageni waone tulivyoishi. Mzee nikawa mimi, nikaja na mkeka wangu. Bibi alikuwa mjane kutoka kijiji cha Mpapura, Mmakua, ana maneno huyo!

Kwetu zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa mke. Alikuja na jembe na mkeka. Nyumba ya mwanamke. Akichokwa haambiwi kitu. Anakuta mkeka wake umekunjwa nje ya mlango, anaubeba, anakwenda kwao.

Yule bibi akaufanya mchezo. Wageni wakiingia tu, mkeka wangu nje.

"Nenda kwenu, Mmakonde we! Kula unajua, kuni huleti!"

"Kuni zipi, mke wangu? Meneja kakataza kukata miti."

"Basi kaolewe na meneja!"

Wageni wanacheka, mimi naurudisha mkeka ndani. Wakishaondoka tunakula ugali wa muhogo na kisamvu. Ukoko ananiwekea mimi. Meno yamebaki machache, lakini ukoko naupenda, na yeye alishajua.

Mke wangu alifariki zamani. Nalala kwa binti yangu, chumba cha uani, pamoja na magunia ya korosho. Binti hana neno baya, mkwe naye hana. Ila jioni nikifika pale najiona nimekuja kuazima kitu. Pale kwenye nyumba ya maonyesho sikujiona hivyo.

Siku moja wageni walichelewa. Nikamwambia yule bibi, "Nataka nitume mshenga kwa kaka yako kule Mpapura. Sifanyi mchezo."

Alikuwa anapepeta. Hakuacha.

"Umri huu?"

"Umri huu huu."

"Nitakujibu kesho."

Kesho yake nikawahi, geti halijafunguliwa kwa wageni. Mkeka wangu uko nje ya mlango. Siku zote aliutupa tu. Leo umekunjwa vizuri na kufungwa kwa ukambaa. Ndani anatwanga. Nikapiga hodi. Mchi ukanyamaza kidogo, halafu ukaendelea.

Nikaubeba mkeka. Meneja akanikuta getini.

"Babu, shikamoo. Unakwenda wapi? Kuna wageni saa nne!"

"Marahaba," nikamjibu, nikapita.

Nikashika njia ya kwenye mikorosho. Pale sijarudi tena.