Kampira ka Taa ya Mama Mkwe

Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa, maana ng'ambo, Bukavu, walikuwa wanapigana tena. Sisi tulikuwa Kamembe, tulisikia milio yote, na mke wangu aliacha kula. Mama yake alikuwa huko, mjane, peke yake nyumbani. Kila asubuhi mke wangu alishuka hadi daraja la mpakani, la mto Rusizi, akakaa pamoja na wengine waliokuwa wakingoja watu wao, na kila jioni alirudi bila habari.

Siku moja dereva wa lori la simenti tuliyefahamiana alinisimamisha sokoni. Alikuwa ametoka Muganza kupakia.

"Kuko maman moya kule kwa kanisa," akasema. "Alitoka Bukavu, akapita Kamanyola, akavuka mto kule chini. Anasema yeye ni mama wa bibi yako."

Sikungoja hata kushuka darajani kumwambia mke wangu. Niliogopa kumpa matumaini, halafu ionekane ni maman mwingine. Niliingia katika gari letu dogo, nikashika njia ya Bugarama kwenda Muganza.

Gari lenyewe lilikuwa na ugonjwa wake. Pembeni mwa injini kuna kidude cheusi chenye waya, kinachosoma injini inavyozunguka. Mafundi wa Kamembe walikiita sonda. Kinaingia katika tundu, na katikati yake kuna kampira ka duara kanakozuia mafuta ya injini yasitoke. Kampira kale kalikuwa kamekauka. Kampira kapya hakakupatikana, kwa hiyo fundi alinikatia kengine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. "Kajaribu hako kwanza," aliniambia.

Muganza nilimkuta kweli, ameketi juu ya mzigo wake uani mwa kanisa, miguu imevimba, kitenge kimejaa vumbi. Moyo wangu ulitulia palepale. Lakini sikumkimbilia. Kwa desturi ya watu wa mke wangu, mkwe hamshiki mkono mama wa mke wake wala hamtazami usoni. Tangu nioe, nilimsalimu kwa mbali nikiwa nimeinama, naye alijibu akitazama pembeni.

"Maman, pole na safari," nikasema nikitazama chini.

"Asante, mukwe. Batoto bako muzima?"

"Bako muzima. Twende nyumbani."

Alikaa nyuma na mzigo wake. Tulipanda milima bila kuzungumza. Karibu na njia ya Mibirizi harufu ya mafuta yanayoungua ilijaa garini, kisha moshi ukatoka mbele. Nilisimama.

Mafuta yalikuwa yamemwagika hadi kwenye bomba la moshi. Nilingoja injini ipoe, nikafungua sonda kwa ufunguo wa boliti, namba kumi, nikaivuta nje. Kampira ka baiskeli kalikuwa kamevimba kama mkate uliolowa chai, tena kamepasuka. Nilikuwa na chupa ya mafuta chini ya kiti, lakini ingesaidia nini? Yangetoka yote kabla ya kufika. Nilijaribu kuzungushia uzi, ukateleza. Nilikaa ukingoni mwa barabara, mikono myeusi. Pale juu watu walipita kwa miguu tu.

Mama mkwe alikuwa ameshuka. Alifungua mzigo wake kutafuta maji ya kunipa ninawe, na ndipo nikaiona taa ya pampu, ile ya mafuta ya taa, imefungwa ndani ya mashuka.

Niliitazama ile taa kwa muda. Kifuniko cha tangi lake kina mpira, na mpira ule unaishi ndani ya mafuta miaka yote bila kuvimba. Lakini nitamwombaje? Hata maji alikuwa ameyaweka chini, kando yangu, ili mikono yetu isikutane.

"Maman," nikasema mwishowe, "naomba kitu kigumu. Kile kifuniko cha taa, kiko na kampira ndani. Kanaweza kutufikisha."

Aliigusa taa.

"Hii taa ni ya marehemu baba ya bibi yako," akasema. "Bengine balibeba magodoro. Mimi nilibeba hii."

"Nitakutafutia kampira kengine."

"Na kama utakosa?"

"Nitakuwa nimekosa, Maman."

Akakifungua kifuniko mwenyewe, akakang'oa kale kampira kwa kucha. Kalikuwa kanene kidogo. Nilikapunguza kwa wembe, polepole, nikiogopa kukakata, kisha nikakapaka mafuta. Kukavalisha ndiko kulinishinda. Kila nikivuta upande mmoja, upande wa pili unatoka, na sonda inateleza mkononi.

"Leta," akasema. "Mimi nishike, weye uvute."

Alishika sonda kwa mikono miwili. Nilivuta. Vidole vyangu vyote, na mafuta yake, vilikuwa juu ya vidole vyake. Kampira kakaingia ghafla, tukagongana vichwa. Nilianza kuomba radhi, lakini yeye alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mafuta yakimpaka shavu.

"Acha, mukwe," akasema. "Mababu bataniuliza mimi, nitabaeleza."

Nikacheka pia. Nilifunga boliti, nikajaza mafuta, nikawasha. Tulisimama wote wawili tumeinama, tukitazama chini ya injini. Pakavu. Nikaongeza moto wa injini, ikanguruma. Pakavu bado.

Safari iliyobaki alikaa mbele. Alinisimulia njia nzima: jinsi walivyoshuka kwenda Kamanyola juu ya gari la makaa, na mwanamke wa kabila la Kishi asiyemjua aliyempa muhogo. Nilisimama mara mbili kutazama chini ya gari. Mara ya pili alinikataza, akasema kampira kana akili kuliko mimi.

Sikuelekea nyumbani. Nilishuka moja kwa moja hadi darajani. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye jiwe, ametupa mgongo, macho ng'ambo ya mto. Mama yake alifungua mlango kabla sijasimama vizuri, akamwita kwa jina la utotoni. Mke wangu aligeuka, akasimama, akakaa tena chini. Mama yake akamfikia, akaketi palepale mavumbini kando yake.

Mimi nilibaki nimeshika usukani, injini ikinguruma. Nilikuwa nimesahau kuizima.