Asali ya Zumari

Zumari ya Kiskoti ina mfuko wa ngozi, na ngozi hiyo hukauka. Ikikauka hupasuka, upepo unavuja na mpulizaji anabaki kutokwa jasho bure. Sajini Mskoti aliyenifundisha katika bendi ya polisi, Embu, alinionyesha dawa yake: asali, inamiminwa ndani na kusuguliwa mpaka ngozi ilainike. Aliyeniletea asali ni dada yangu mkubwa, aliyetoka kwetu Githongo akaolewa Mbeere kwenye mizinga ya nyuki. Sajini alimjua vizuri. Akimwona na kibuyu alimpigia saluti kwa mzaha.

Hali ya hatari ilipotangazwa, kazi yangu ilibadilika. Kambi ya mahojiano ilikuwa karibu na soko, na waliohojiwa walilia sana. Nikawekwa nje ya kibanda cha mabati nipige zumari, watu wa soko wasisikie. Niliichukia kazi ile vibaya sana. Nilipiga nyimbo za harusi za Waskoti huku mtu akivunjwa mbavu nyuma ya mgongo wangu. Damu ilipita chini ya mlango, nikasogeza viatu.

Asubuhi moja, nikiwa katikati ya wimbo, homgadi mmoja, askari mwenyeji wa serikali ya Waingereza, alitoka kibandani na kibuyu, akakiweka chini na kulamba vidole. Kamba ya kibuyu kile niliisokota mimi mwenyewe. Siku zile kubeba chakula bila kibali kulikuwa kosa. Walidhani kinapelekwa msituni kwa Mau Mau.

Niliacha kupuliza. Zumari hainyamazi papo hapo, mfuko huguna mpaka upepo uishe. Ulipoisha, soko lote lilimsikia dada yangu.

"Si ya msitu! Hiyo asali ni ya ndugu yangu, huyo anapuliza hapo nje!"

Sajini alikuja mbio. Nikamwonyesha kibuyu. Alikitazama, akanitazama. Alijua, mshenzi yule, alijua kuliko mtu yeyote kambini.

"Piga," alisema. "Nani amesema wewe acha?"

Nilimpiga yeye. Nilichomoa bomba refu la zumari, la mti mgumu, nikamtwanga nalo usoni mpaka pua ikalala upande. Homgadi wakanivamia kwa vitako vya bunduki. Nikiwa chini niliwaona kina mama wa soko wamejaa kwenye seng'enge wakipiga mayowe, wakitikisa nguzo, mpaka wakubwa wakaogopa na kufungua kibanda. Dada alitolewa hai, meno ya mbele hana.

Mimi nilifungwa. Baada ya uhuru bendi ilinihitaji, nikarudi, nikawapulizia wakubwa na maharusi mpaka nikastaafu. Naipenda zumari, siwezi kudanganya. Mfuko niliupaka mafuta tu.

Dada hakuja kunisikia hata mara moja. Siku ya kustaafu nilimwuliza kwa hasira kama ananionea haya, mimi niliyevunjwa mbavu kwa ajili yake. Alifunika mdomo kwa leso, kama kawaida yake.

"Sina ubaya na wewe, ndugu yangu," alisema. "Lakini hiyo kitu ikianza kulia, mimi nangoja ngumi."