Mashine ya Gatini Haikufa

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa ufunguo, ndoo na kitambaa. "Vumbi njo adui yako," aliniambia Direkteri Kaluba, mkubwa wa depo yetu ya mizigo pale gatini Kalemie, ambako njo ni ndiyo. "Utawasha stabilizateri hii ya kulinda mashine, utangoja umeme unaotoka Bendera utulie, kisha utaita wenye masomo." Wakati ule wa Zaire wote tulikuwa sitwayen, yaani raia, lakini kulikuwa na sitwayen wa kiti na sitwayen wa ndoo. Mimi nilikuwa wa ndoo. Masomo yangu yaliishia primeri, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaobonyeza kitufe na mashine inaamka yenyewe. Siku zile tuliiamsha sisi. Odinateri, yaani kompyuta, ya biro ilikuwa haina diski ya ndani. Uliingiza disketi, mashine ikasoma kipande chake cha kwanza, baiti mia tano na kumi na mbili tu, na ikiona mwishoni alama ya 55 AA, inakiweka kwenye kumbukumbu mahali panapoitwa 7C00 na kuanza kukitii. Programu ya kuamsha njo hiyo. Ndogo kama barua, lakini ikikosea mstari mmoja, huna mashine.

Aliyenifundisha ni Mama Feza, programeri wetu, mama wa Kibembe aliyetoka upande wa Baraka, mwenye sauti ya kuita mitumbwi. Aliniona nachungulia ekrani, kioo cha mashine, nikifuta meza. Badala ya kunifukuza akasema, "Papa Lumbwe, ukiangalia bure utachoka. Kaa chini uchoke na kazi." Tangu hapo, kila nilipomaliza kufuta vumbi, alinipa somo.

Somo lililonitoa jasho ni segmenti. Prosesa, ubongo wa mashine, inashika hesabu zake katika vyumba vidogo vinaitwa rejista, na rejista moja haikuweza kushika namba kubwa ya kutosha kufika kila pembe ya kumbukumbu. Basi waliotengeneza prosesa wakatumia namba mbili. Ya kwanza ni segmenti, inasema uanzie wapi. Ya pili ni deplasmani, inasema uende mbele kiasi gani. Segmenti zinapandwa kila baiti ya kumi na sita, kwa hiyo kwa namba za mashine, zinazohesabiwa kwa kumi na sita, unaiongezea segmenti sifuri moja nyuma, unajumlisha deplasmani, umefika. Rejista ya CS inashika segmenti ya amri, DS inashika ya maneno na hesabu. Na DS haikubali kupewa namba mkononi. Unaitia kwanza ndani ya AX, halafu AX njo inaipelekea DS. Nilisahau hilo mara nyingi, na Mama Feza alikuwa akigonga meza: "Papa! Unaingia kwa mutu bila kupita mlangoni?"

Sasa nitaje watu. Aliyeandika programu ya kuamsha ya depo yetu alikuwa Injenyeri Numbi, aliyetoka Lubumbashi na viatu viwili vya ngozi na dharau ya kutosha mji mzima. Programu yake iliwaka vizuri kwenye mashine ya biro. Halafu ikaletwa mashine ya pili kwa treni, ya kuwekwa gatini penye bascule, yaani mizani ya kupimia mizigo. Niliisukuma mimi kwenye toroli kutoka stesheni. Injenyeri akaingiza disketi ile ile. Pale tulipotegemea maneno GATI TAYARI zikatoka takataka: mioyo midogo, nyuso za kucheka, misalaba, herufi za mahali kusikojulikana.

Hakungoja hata ekrani ipoe. "Umeiangusha," akaniambia mbele ya wapimaji wote wa bascule. "Mguu wako huo njo umeua mashine."

"Sikuiangusha, Injenyeri."

"Basi ilijiangusha yenyewe?"

Watu wakacheka. Mmoja akaanza kuigiza kutembea kwangu. Direkteri Kaluba hakuuliza shahidi wala hakugusa sanduku la mashine. Alisema meli ya Kigoma ikifika kabla mashine haijawaka, nitatoka kazini, na jina langu litapelekwa kwa jandarme, askari wa serikali, kama mharibifu wa mali. Ninyi vijana hamjui jandarme wa siku zile. Hata mutu aliyekuwa hana kosa alitoka kule akikubali lake na la jirani.

Mama Feza alinikuta nimekaa juu ya gunia la chumvi. "Inuka," akasema. "Mashine iliyovunjika inanyamaza. Hii inaongea, ila inaongea upuuzi. Kuna mutu anaisomesha mahali pabaya."

"Nani?"

"Njoo tuiulize yenyewe."

Akaandika programu fupi ya kuuliza swali moja: wakati wa kuamka, CS ina namba gani, na deplasmani ya amri ni ngapi? Kwenye mashine ya biro jibu likatoka 07C0, deplasmani karibu na sifuri. Tukaenda gatini. Kule likatoka 0000, na deplasmani kubwa, 7C00 na kidogo.

Mama Feza akakuna kichwa. "Zote mbili ziko mahali pamoja. Ukiongeza sifuri kwa 07C0 unapata 7C00. Sifuri na 7C00, ni pale pale. Sasa ugomvi uko wapi?"

Damu ikanipanda, maana ugomvi ule ulikuwa umenivunja mguu. Kabla ya depo nilifanya kazi kwenye reli ndogo ya machimbo ya mawe. Kando ya reli kulikuwa na posti zenye namba, na kila mahali palitajwa kwa posti na metre. Daraja moja ungeweza kulitaja kwa posti ya nyuma na metre nyingi, au kwa posti ya karibu na metre chache. Ni daraja lile lile. Lakini mvua ilipokula tuta, shefu wa ekipi yetu ya kazi, Mwilambwe, alipiga simu akasema, "Shimo liko metre mia tatu, nendeni," akakata. Metre mia tatu kutoka posti gani? Yeye alihesabu kutoka posti alipokuwa amesimama. Sisi tukahesabu kutoka yetu, tukakimbiza toroli la reli mahali tulipodhani ni salama, tukatumbukia shimoni. Kalonda, rafiki yangu, alikufa pale. Mwilambwe aliandika kwamba tulikuwa tumelewa. Namtaja Kalonda hapa kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kumtaja.

"Mama," nikasema, "Injenyeri ametoa metre bila posti. Programu yake inasoma CS na kuiandika kwa DS, inaamini posti yoyote ambayo mashine imesimamia. Kwenye biro ni 07C0, sawa. Hapa ni sifuri. Maneno yako metre chache kutoka 07C0, yeye anaenda metre chache kutoka sifuri. Anasoma mahali pa wengine!"

Mama Feza akapiga kofi moja, gati nzima ikageuka. "Kule kwa sifuri kuna jedwali la anwani za mashine yenyewe! Njo zile nyuso zinazotucheka!"

Alikwenda kwanza kumweleza Injenyeri kwa heshima, peke yao. Akarudi amekunja uso. Numbi alimwambia, "Acha hivyo. Heri mutu wa ndoo aende kuliko miye kuonekana nimekosea."

Basi tulirekebisha sisi. Tulifuta mistari ya kunakili CS, tukaweka MOV AX,07C0, halafu MOV DS,AX. Nilibonyeza herufi mwenyewe, Mama Feza akisimama nyuma yangu kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Meli ilikuwa inaonekana tulipomwita Direkteri. Wapimaji wakajaa mlangoni. Mama Feza akaniambia, "Wewe njo utie." Nikatia disketi. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, nami nikasikia moyo wangu kuliko injini za meli. Halafu: GATI TAYARI.

Wapimaji wakapiga kelele kama timu yao imefunga goli. Aliyekuwa ananiigiza akaniinua juu. Injenyeri Numbi akasema haraka, "Disketi ni yangu."

"Ni yako," Mama Feza akajibu. "Na kosa lilikuwa lako. Tuliloongeza ni posti."

Direkteri akakohoa. "Vizuri, vizuri. Yaishe."

"Hapana, Sitwayen Direkteri," nikasema. "Uliposema nimeharibu, ulisema mbele ya hawa."

 Direkteri alitazama meli, akatazama viatu vyake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Sitwayen Lumbwe hakuharibu mashine." Na kuanzia juma lililofuata nilikuwa opereta, mwenye kiti.

Sasa nimepumzika kazi kabla nywele zangu hazijaisha weusi, kwa sababu depo ilifungwa na walioifunga hawakuniuliza. Nasikia Numbi anasimulia huko Lubumbashi kwamba yeye njo alinifundisha kazi. Asimulie. Asubuhi ya mwisho ya depo nilikwenda gatini, nikasoma GATI TAYARI bila herufi moja mbaya, na mashine waliyosema nimeiua nikaizima kwa mkono wangu.