Nilivyofundisha asili ya "matabishi" kwenye mahari huko Kabambare

Wakuu, salamu kutoka Kasongo.

Ningekataa siku ile dada yangu aliponiomba niwe msemaji wa ukoo kwenye mahari ya mwanawe Salumu, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika. Nilikubali hata kabla hajamaliza kuomba.

Naandika kama ilivyokuwa, pamoja na yale yatakayofanya mnicheke.

Tukapanda pikipiki, mimi, Salumu na ndugu wengine, hadi Kabambare, kwa wazazi wa Zaina, mchumba wake. Barabara matope matupu. Nilifika nimepakwa hadi masikioni.

Mazungumzo yalienda vizuri. Mbuzi wakapokelewa, vitenge vikapokelewa, baba wa binti akasema wameridhika. Wanawake walishaanza vigelegele.

Hapo bibi yake Zaina, mama mfupi aliyekuwa kimya tangu tufike, akaniuliza:

"Mukwe, na matabishi yetu iko wapi?"

Kwa msiotoka huku: sokoni Kasongo ukinunua mchele, muuzaji akishamaliza kupima huongeza konzi moja juu. Hiyo ndiyo matabishi. Na kwenye mahari, mambo yote yakishaisha, upande wa mume huongeza kitu kidogo ambacho hakikutajwa. Asiyeongeza anaonekana amekuja kununua, hakuja kuoa.

Sisi hatukubeba kitu cha kuongeza. Kosa ni langu, maana msemaji ndiye hukumbusha wenzake.

Badala ya kuomba radhi, nikatoa somo. Tena nikasimama kabisa.

Nikasema neno hilo si letu. Mwalimu wangu wa sekondari alitueleza kwamba ni la Wareno, na kwao lilikuwa "kuua mdudu", yaani tone la pombe la asubuhi la kutuliza tumbo. Likatoka upande wa Angola na wabeba mizigo, likawa bakshishi ya mtumishi, mwishowe likafika sokoni kwetu.

Ni familia ya Waislamu, na mimi nimeingiza pombe kwenye mahari yao.

Baba wa binti akawatazama wale mbuzi kama mtu anayefikiria kuwarudisha. Salumu akanivuta shati.

"Mjomba, kaa. Unaniozesha ao unaniachisha?"

Bibi hakukasirika. Akaniuliza polepole:

"Hao Wareno, wako hapa?"

"Hapana, mama."

"Walishaenda?"

"Zamani sana."

"Basi mwenye iko hapa ni weye. Toa."

Wote wakaangua kicheko, baba wa binti akiwa wa kwanza. Nikapapasa mifuko, nikakuta redio yangu ndogo tu. Nikampa kwa mikono miwili. Akaiwasha palepale, akaiweka begani, akaanza kucheza, na wanawake wakamfuata. Tulikula wali na samaki hadi tukalegeza mikanda.

Salumu na Zaina wana watoto sasa, na nyumba yao ina raha.

Nilichojifunza ni kwamba kujua neno lilikotoka ni jambo zuri, ila mtu akikuomba matabishi, mpe kwanza. Historia atakuuliza akishiba.

Wakuu, konzi hiyo ya juu huko kwenu mnaiitaje? Na jina hilo lilitoka wapi? Andikeni, nasoma yote.

Na hasara yangu ni hii: mdogo wake Salumu alipooa, dada yangu alimtuma jirani kuwa msemaji. Mimi niliachwa Kasongo kulinda kuku. Tangu hapo ukoo wangu haujaniomba tena niusemee.