Jini wa Breki ya Baba

Hadi leo, nikinusa mafuta ya taa na udi kwa pamoja, mguu wangu wa kulia hukanyaga nyuma wenyewe. Msinicheke, nitawaeleza.

Baba aliitoa baiskeli yake Tongoni, kwenye banda la Mwarabu mmoja mwenye minazi. Kuku walikuwa wametagia kikapuni. Ilikuwa ya zama za Mjerumani, na breki yake haikuonekana popote: ilikaa tumboni mwa gurudumu la nyuma. Ukitaka kusimama, unakanyaga pedali kinyumenyume. Mafundi wa baiskeli wa mtaa wa Ngamiani waliicheka wakakataa kuigusa, basi Baba akaifungua mwenyewe uani, juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na vyuma vidogo mfano wa vidole vya mtoto, vilivyopaswa kusogea ili breki ibane. Alivikwangua kutu kwa mchanga, akachonga pete mpya kutoka kwenye sinia bovu la shaba, kisha akapaka mafuta ya nazi tele, kama tulivyopaka kila kitu: nywele, vitasa, watoto wachanga.

Baiskeli ile ndiyo iliyomtoa kwenye shamba la mkonge la Pongwe, alikokuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Alfajiri akawa anapeleka mikate bandarini, na jioni, kwa mara ya kwanza, nikawa na baba wa kula naye.

Kipupwe kilipoingia, breki ikagoma. Kwenye mteremko wa bandarini Baba alikanyaga nyuma, pedali zikazunguka bure, akaenda kutua juu ya magunia ya nazi. Adhuhuri breki ilikuwa nzima. Kesho yake vilevile.

"Baba Mwanaidi, Jumamosi mchana chuma hicho kiuzwe," Mama akasema. "Heri urudi Pongwe, nikuone mwisho wa mwezi ukiwa na meno."

"Kina jini," akasema Bibi. "Jini wa Kijerumani. Hafanyi kazi kabla ya jua."

"Jini gani huyo mwenye saa za kazi?" nikauliza.

"Nyamaza, mke mwenzangu. Darasa la tatu tu, umeshamzidi shehe!"

Alhamisi alfajiri Bibi aliweka chetezo chini ya gurudumu, akatia udi juu ya makaa, akambembeleza jini kwa adabu kama mkwe. Baba akajaribu uani. Breki ilishika hadi tairi likachimba mchanga! Bibi akapiga vigelegele.

Mimi nikabaki na swali lililoniwasha kama upupu: ni udi, au ni moto?

Ijumaa niliamka mapema, nikaweka chetezo palepale, makaa matupu. Nikakanyaga nyuma, breki ikashika. Bibi alinuna, akaenda kuchukua chupa yake ya mafuta ya nazi ajipake kichwani. Akaiinamisha, hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa meupe, magumu, kama yanavyokuwa kila kipupwe. Sote tulilijua hilo tangu kuzaliwa, ila hakuna aliyewahi kufikiria tumbo la gurudumu.

"Baba! Humo ndani mafuta yameganda!"

Kesho yake kabla ya jua, alipolifungua gurudumu, vyuma vilikuwa vimezama kwenye weupe kama tende kwenye samli. Tuliviosha kwa mafuta ya taa, tukadondoshea mafuta ya cherehani ya Mama. Ilikuwa Jumamosi yenyewe, na baridi ilikuwa bado kali. Baba akapakia mikate yote, akaelekea mteremkoni. Mama akafuata, kanga kichwani.

"Jaribu hapa juu kwanza," akamsihi mwishowe.

"Mwanaidi kasema itashika," Baba akajibu, akajiachia.

Alishuka akipiga mluzi. Karibu na lango la bandari akakanyaga nyuma. Tairi likalia, baiskeli ikasimama wima, na hata mkate mmoja haukudondoka. Wapagazi wakashangilia. Mama alicheka mpaka kanga ikamwanguka. Tuliporudi, Bibi akatupokea mlangoni: "Si nilisema udi wangu mkali?"

Baba hakurudi Pongwe tena.

Kwa miaka mingi nilijisimulia ushindi ule kama wangu peke yangu. Hapa chuo kikuu nabishana na kila mtu, na nikishindwa, napoteza usingizi tu. Ndipo nilipoelewa. Baba angeweza kujaribu uani, palipo na mchanga laini. Shaka ilikuwa yangu, lakini shingo ilikuwa yake. Na aliiweka juu ya neno la mtoto wa kike wa darasa la tatu, huku akipiga mluzi, ili Mama asikie kwamba haogopi.

Mluzi wenyewe, nakumbuka sasa, ulikuwa ukitetemeka.