Mahameli Nyekundu Chini ya Dashibodi

Nauza mapazia Ngara, hapa Nairobi, na kwa kushuku watu sina mpinzani. Dereva wangu amefanya kazi nami miaka minane bila doa. Lakini jirani yangu alipogundua kuwa dereva wake anahamishia watu nyumba kwa gari la duka, shetani akaninong'oneza. Nikaipeleka pikapu yangu kwa fundi wa traka, vile vifaa vya kukuonyesha kwenye simu gari liko wapi.

"Dereva anajua?" fundi akauliza.

"Gari ni langu."

"Gari ni lako, mama, lakini anayefuatwa ni mtu. Sheria inataka umwambie unamfuatilia, na sababu."

Nikamwambia afunge, asinihubirie. Tena akifiche. Kifaa chenyewe kilikuwa kidogo, kina betri yake, na ili kisigonge-gonge nikampa kipande cha mahameli nyekundu kutoka dukani akakizungushia. Akakisukuma chini ya dashibodi.

Siku ya tatu, nikinywa chai, nikafungua simu. Nukta ya gari langu kwenye ramani ilikuwa Kangemi. Nikampigia dereva.

"Uko wapi?"

"Niko Westlands, madam. Natundika hizi pazia za ofisi."

Mwongo! Damu ilinichemka. Miaka minane, halafu ananidanganya mchana kweupe! Niliapa kwamba jioni hiyo hana kazi. Nikafunga duka, nikapanda bodaboda nimfumanie.

Ramani ilinifikisha kwenye kanisa la mabati. Pikapu haikuwapo. Ndani, akina mama watano walikuwa wamezunguka stuli, na juu ya stuli nikaiona mahameli yangu. Mmoja wao aliomba kwa sauti ya kutikisa paa: "Bwana, aliyemtegea madam wetu uchawi huu, mlete! Ajitokeze leo!"

Nami nimesimama mlangoni, helmeti kichwani.

Aliyekuwa akiomba alikuwa mke wa dereva, na alinitambua mara moja. Akanikumbatia, akanipa pole. Mumewe alikikuta kitu kile asubuhi akitafuta kalamu iliyomdondoka. Alipoona kitambaa chekundu akajua wafanyabiashara wenzangu wameniroga, akampitishia mkewe kiombewe, kisha akaendelea na safari ya Westlands. Hakutaka niambiwe, nisije nikakosa usingizi.

Nikavua helmeti.

"Ni mimi niliyekiweka," nikasema.

Mama mmoja akapiga kigelegele: Mungu amejibu!

Jioni nilimweleza dereva kila kitu: kifaa ni cha nini, kinaona nini, na kwamba akimaliza kazi kitazimwa. Nikamwandikia hayo yote kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, nami roho mkononi, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuniacha. Akatia sahihi, akacheka hadi akaegemea usukani.

"Lakini madam, si ungeniuliza tu? Kila nikifika mahali nakupigia, mpaka unaniambia nikome."

Ni kweli. Asubuhi ileile nilikuwa nimemwambia akome.