Gobore la Nyumba Iliyofiwa

Nilipokuwa mtoto niliogopa vitu vingi, na kwetu Mbulumbulu vya kuogopa havikukosekana: tembo walioshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, chemchemi ya bondeni ambako hatukuruhusiwa kupiga kelele, mwalimu wa hesabu. Lakini hakuna kilichonikosesha raha kama gobore la baba. Mpaka leo, mtu mzima na watoto wangu wawili, nikisikia tairi la lori likipasuka barabarani najikuta nimechutama.

Mwaka ule nguruwe pori walitumaliza. Walikuwa wakilaza mahindi chini, wanakula kidogo na kuharibu mengi, mpaka mama akaacha kwenda shambani asubuhi kwa sababu hakutaka kuona. Baba hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Akaomba kibali, akazungushwa, akakipata, akaanza kutafuta gobore.

Kwanza alikwenda kwa fundi mmoja njia ya Mbulu, na mimi nikafuatana naye, maana shule ilikuwa imefungwa na nililia mpaka akachoka. Fundi alikuwa na mawili. Baba akachungulia la kwanza, akanong'ona kwamba hilo ni bomba la maji lililopakwa rangi. La pili lilikuwa zuri, ila bei yake ilimtoa nje kwenda kufikiri peke yake. Mimi nikabaki ndani, nikamwuliza fundi ule ufito wa chuma chini ya mtutu ni wa nini.

"Wa kushindilia baruti," akasema. "Na wa kupimia pia. Tazama, mwanangu."

Akautumbukiza mtutuni, akabana kidole pale ulipoishia mdomoni, akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha ikafika nyuma kabisa, karibu na nyundo. "Hili tupu. Ncha ikiishia huku mbele, jua kuna mzigo ndani. Hapo huongezi kitu, utajiua." Nilirudi nyumbani nimejaa ujuzi wangu, wala sikuona sababu ya kumwambia baba. Nilidhani watu wazima wote wanajua.

Wiki ile ile baba akasikia kwamba jirani wa ng'ambo ya korongo, mwindaji aliyefariki ghafla, ameacha gobore, na mjane wake yuko tayari kulitoa kwa mbuzi mmoja. Tatizo nyumba ile ilikuwa kwenye metimani. Sisi Wairaqw tunaielewa bila kuelezwa: kifo cha namna fulani kikiingia, nyumba inakaa peke yake. Haiazimi moto, haitembelewi, haitoi kitu wala haipokei, na vitu vya marehemu havishikwi mpaka siku ziishe. Baba alikuwa mtu wa kanisa, akasema hayo ni ya wazee. Lakini alipofika pale aliyafuata nusu nusu, kama wengi wetu. Nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi, nikaona yote. Mjane alilaza gobore kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua kadhaa. Baba akaliokota, akafunga mbuzi kwenye uzio. Hawakutazamana, hawakusemezana. Baba hakulikagua hata kidogo. Yeye aliyechungulia mitutu ya fundi kwa nusu saa, hili alilibeba tu na kuondoka haraka.

Kwa risasi hakuhangaika sana. Gololi za dukani zilikuwa ghali, akakata vipande vya nondo vilivyobaki kwenye ujenzi wa darasa letu, akanunua baruti kidogo na fataki za kuiwasha, akajiona amemaliza.

Bibi, mama yake baba, alisimama mlangoni na kulikataa lisiingie.

"Umelitoa wapi?"

"Kwa mjane, mama. Nimelilipia."

"Sijauliza habari ya kulipa. Siku zao hazijaisha. Kitu cha nyumba ile kitakuumiza wewe kabla hakijamwumiza nguruwe. Kiache kikae."

"Na mahindi nayo yakae?" Baba alisema hivyo kwa upole, kwa sababu alimheshimu, kisha akaliweka kwenye banda la mbuzi. Alipotoka akaninyooshea kidole. "Wewe usiliguse. Mwanamke akigusa bunduki, inapoteza shabaha." Kila mtu kwetu aliamini hivyo, na mimi pia.

Nililigusa kesho yake. Baba alikuwa gulioni Karatu. Nilitaka tu kufanya kama fundi, basi. Nikachomoa ufito, nikautumbukiza, nikabana kidole, nikaulaza kwa nje. Ncha iliishia mbele, pungufu kama shibiri moja. Nikarudia. Pungufu vile vile. Nikaurudisha ufito mahali pake, nikajiambia labda kila gobore lina urefu wake wa ndani.

Nilikaa na jambo lile siku tatu. Kama ningesema, ningejulikana nimeligusa, na kila nguruwe atakayekoswa lawama ingekuwa yangu. Chakula nilikuwa nakiacha. Mama akadhani nina minyoo, akanipa dawa, nikainywa.

Jumamosi asubuhi baba akatoka kulijaribu. Alisimika debe ukingoni mwa korongo, akamimina baruti, akatia vipande vya nondo na kitambaa, akashindilia. Bibi hakutoka ndani. Mimi nilimfuata baba mpaka nyuma yake.

"Baba."

"Nini?"

Alikuwa ameshaliinua. Alikuwa anatabasamu, masikini, kama kijana aliyenunua baiskeli.

"Hakuna kitu," nikasema.

Lilipasukia mkononi mwake. Sikumbuki mlio, nakumbuka moshi, na baba akiwa amekaa chini akiutazama mkono wake wa kushoto. Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya jirani. Alirudi mkono ule una vidole vitatu. Bibi hakusema hata siku moja kwamba alimwonya. Alimmenyea viazi tu, miezi yote ile. Kijiji kizima kikasema ni metimani, na mpaka kesho wanasema.

Nami nimefikiri sana, nikaona hawakukosea. Marehemu aliliacha limeshindiliwa, na ni desturi iliyozuia lisiguswe likatolewa mzigo. Ni desturi iliyomfunga baba mdomo pale uzioni asiulize. Kama angemsikiliza bibi akangoja, siku zingeisha, na watoto wa kiume wa marehemu wangelisafisha wenyewe. Hayo nimeyakubali. Lililonisumbua ni lile neno langu la mwisho.

Krismasi iliyopita baba alikuwa akiwasimulia wanangu kisa hicho, akiwaonyesha mkono. Walipokimbilia nje nikamwambia yote: fundi, ufito, shibiri moja, siku tatu. Nililia, umri huu. Alisugua pale vidole vilipokuwa.

"Ulikuwa darasa la ngapi?"

"La tatu."

"La tatu," akasema. "Na mimi ndiye niliyekukataza kuligusa."

Kisha akamwita binti yangu mdogo kutoka uani, akamkalisha karibu yake, akamwuliza leo amejifunza nini. Mtoto akaanza kueleza kirefu habari za kuku, na baba akamsikiliza mpaka akamaliza.